Chale za Mwimoni

Fundi Khatoro kaugonga mwimo kwa nyundo,
ukalia kama koroma:
mchwa wamekula moyo, wameacha rangi.
"Huu niutupe?"
Nikamwambia ngoja.

Chini ya buluu, chini ya chokaa,
zipo chale.
Nyingi, za wima, zimebanana,
kila mwezi umepigwa mkato wa kulala:
umelipwa.
Ngwali wa Bopwe hakujua kuandika.
Alitembea na msumari wa inchi tatu mfukoni,
na kila alfajiri, akishamimina,
alikwangua chale moja kwenye mti wetu.
Moja kwa kibaba.

Wete umande haujakauka.
Baiskeli yake haikuwa na kengele,
ya nini? Vifuniko vya ndoo vilimsema tangu Mtemani,
kacha, kacha, kacha,
na jani la mgomba alilozibia mdomo wa ndoo
lilinukia ukumbini kabla hajapiga hodi.
Watu wa Jadida walidai anatia maji.
Mama alidondosha tone ukuchani, akaliinua kwenye taa:
likikaa, alikinga bakuli;
likiteleza, alimtazama tu,
na Ngwali akaanza habari za mvua.

Ng'ombe wake watatu tuliwajua kwa majina
kama wajulikanavyo jamaa wa mbali:
Mwangaza, Bi Harusi,
na yule wa pembe moja, Hakimu,
kwa kuwa hakubali kusukumwa.
Bi Harusi alipozaa tuliletewa dang'a, bure,
zito, la manjano;
mama akalipika kwa hiliki,
tukala huku tunamuulizia ndama.

Sasa tazama hapa, fundi, usawa wa kiuno changu,
usawa wa macho yangu siku hizo.
Chale kumi na moja.
Mkato wa kulala haupo.
Mfunguo Tatu, mwezi kumi na mbili,
baba alianguka mkarafuuni,
shada bado limo mkononi.

Mama akakaa eda.
Miezi minne na siku kumi hakusogelea mlango,
na mkinga bakuli nikawa mimi.
Ngwali hakukosa hata siku ya mafuriko.
Alimimina kibaba, kisha akaongeza tone:
"La paka."
Paka hatukuwa naye.
Msumari haukutoka mfukoni.

Eda ilipokwisha mama alimngoja kizingitini,
noti kazifunga kwenye pindo la leso.
"Hesabu yako, Ngwali."
Akautazama mwimo kama mgeni.
"Mti hausemi kitu."
"Na hizo kumi na moja?"
"Nimesahau msumari, sina cha kukatia."
Mimi nilikuwa nausikia
ukigongana na senti ndani ya suruali yake.
Mama akashikilia leso, hajui aifungue au aifunge.
"Ng'ombe haelemewi na nunduye," akasema Ngwali,
akapanda baiskeli,
kacha, kacha, kuelekea Utaani.

Baadaye likaja kopo la unga
lenye picha ya ng'ombe mnene asiye na jina.
Yakaja ya pakiti, yakaja ya boksi,
yakaayo kabatini miezi sita wala yasichache.
Ng'ombe wa Bopwe wakauzwa mmoja mmoja, kila sikukuu.
Hakimu alikuwa wa mwisho.
Walimsukuma.

Fundi kashika kikombe, chai imepoa,
anahesabu kwa pingili za vidole.
"Mia na ishirini na nane," anasema,
"kwa miezi ya kuandama.
Alizaa?"
Alizaa. Mwatumu, yuko sokoni, anauza mtindi.
Khatoro akachukua msumeno bila kuulizwa,
akakata juu ya chale, akakata chini.

Nimekwenda, kipande kimo kikapuni.
Nilikuwa na maneno, yakaniishia njiani.
Nikanunua vikombe viwili.
Mwatumu akapima, akasawazisha,
kisha akaongeza kijiko.
"Cha paka," akasema.
Sikumwambia kuwa paka sina.